Fedha ya Tikiti Yaenda Wapi?

Mfanyakazi atokapo kazini akalipa kiingilio kutazama picha ya sinema, sehemu ya fedha yake huchukuliwa na Serikali. Hatuna ugomvi na jambo hilo. Tulitakalo kuuliza ni hili: katika fedha ile, ni kiasi gani kimrudiacho mtengeneza picha wa nchini, ili apate kutengeneza ya pili?

Wako wasemao kwamba nchi maskini haiwezi kutengeneza picha zake. Na waitazame Volta ya Juu, ambayo tangu 1984 yaitwa Burkina Faso, nchi ya wakulima na wafugaji isiyo na bahari. Biashara ya sinema huko ilikuwa mikononi mwa makampuni mawili ya Kifaransa hadi mwaka 1970, Serikali ilipoyataifisha majumba. Kutaifisha peke yake kusingefaa kitu. Lililofaa ni kwamba sehemu ya bei ya tikiti iliwekwa katika mfuko wa kutengenezea picha za wenyeji. Aliyelipa kutazama picha ya kigeni alichangia, pengine bila kujua, picha ya kijiji chake mwenyewe. Mwaka 1982 Gaston Kaboré akatoa Wend Kuuni. Mwaka 1990 Tilaï ya Idrissa Ouédraogo ikatuzwa mjini Cannes. Ni kweli shirika lao la sinema lilianguka katika miaka ya 2000, lakini mafundi walikwisha kupatikana.

Na sisi Watanzania? Kampuni ya Filamu Tanzania iliundwa mwaka 1968. Ikatoa Fimbo ya Mnyonge na nyingine chache, kisha ikafifia. Kodi ya burudani iliyokatwa katika tikiti iliingia hazina pamoja na kodi ya bia na ya sigara. Vijana waliokuja baadaye na kamera za video walijikokota wenyewe. Mwaka 2013 wakaletewa stempu za kodi wabandike katika kazi zao.

Leo uko Mfuko wa Utamaduni na Sanaa, nao hukopesha. Twaupongeza. Lakini mkopo hudai kulipwa, na picha ikinakiliwa na wezi kabla ya juma kwisha, mkopaji atalipa kwa nini? Watazamaji wengi wamehamia kwenye ving'amuzi na simu, na huko nako kodi hutozwa. Twaomba Bunge litenge kwa sheria sehemu ya kodi hiyo, igawiwe watengeneza picha kwa kadiri ya watazamaji wao. Hapo hawatahitaji kumpigia ofisa magoti, maana fedha hiyo watakuwa wamekwisha kuichuma.