Mume na mke wanaojifanya hawajuani: riwaya ya mapenzi na upelelezi inavyotushika

Wengi wetu tumezoea hadithi za mpelelezi mmoja shupavu, asiye na mke wala mtoto. Ipo aina nyingine: wapelelezi ni wawili, wana majina ya bandia, na huko nyuma walikuwa na mambo yao. Leo tunaieleza aina hiyo kupitia riwaya ya Mwingereza Agatha Christie, N or M?, iliyochapishwa mwaka 1941.

Wahusika wakuu ni Tommy na Tuppence, waliojuana tangu utotoni. Katika riwaya yao ya kwanza, ya mwaka 1922, wanakutana tena baada ya Vita Kuu ya Kwanza. Hawana kazi wala fedha, wanaingia kwenye upelelezi, na mwishowe wanakubaliana kuoana.

N or M? inawakuta mwaka 1940, Uingereza ikipigana na Ujerumani ya Hitler. Sasa ni watu wazima, na watoto wao mapacha wanawaona wamepitwa na wakati. Tommy anatumwa kwa siri kwenye nyumba ya wageni katika mji wa pwani, kuwasaka majasusi wawili wa Ujerumani, mwanamume na mwanamke. Mkewe hatakiwi kujua, hivyo anamwambia anakwenda Scotland kwa kazi ya ofisini.

Anapofika, anatambulishwa kwa wageni wenzake. Mmoja wao ni mjane aitwaye Bi. Blenkensop. Kumbe ni Tuppence! Alitega sikio, akasikia yote, akamtangulia.

Hapo ndipo tunapokamatika. Watu walioishi pamoja miaka mingi hujisahau kirahisi. Jicho moja tu, au jina la nyumbani likiponyoka mdomoni, linatosha kuwaumbua. Kwa hiyo Tuppence anajifanya mjane anayesaka mume, ili mtu asishangae akimwona karibu na "Bwana Meadowes", yaani Tommy.

Pia hofu inakuwa mara mbili. Mpelelezi mpweke akipotea, tunamhofia yeye tu. Hapa Tommy anapotoweka, Tuppence analazimika kuendelea kukaa na wageni kana kwamba hajapotelewa na mtu. Hata binti yao anadanganywa: anaamini mama yake yuko kwa shangazi. Mapenzi ndiyo nguvu yao, na ndiyo mahali adui anapoweza kuwapiga.

Kuna na kisa cha kweli. Mgeni mmoja riwayani anaitwa Meja Bletchley. Wakati huo, mahali paitwapo Bletchley Park palikuwa na kazi ya siri kubwa ya kufumbua maandishi ya jeshi la Ujerumani. Idara ya usalama ikashtuka: mwandishi huyu amejuaje? Rafiki yake aliyefanya kazi pale akamdodosa. Christie akajibu kwamba treni yake ilikwama Bletchley, akakasirika, akalipiza kwa kumpa jina hilo mhusika asiyependeza.

Jina moja tu liliwatia wakubwa wa serikali wasiwasi. Ndiyo maana tunamhofia Tuppence kila anapofungua kinywa mezani.

Basi, ukisikiliza mchezo wetu wa redio au ukisoma riwaya ya namna hii, jiulize: wawili hawa wakitambuliwa, nani atapoteza nini? Ukilipata jibu, utajua kwa nini moyo unakudunda.