MRI ndogo ya goti: nafasi ipo, hesabu kwanza

MWANZA: Mwenye mtaji anayeingia katika huduma za afya jijini hapa kwa kawaida huanza na duka la dawa, maabara au eksirei. Ipo mashine nyingine ya kupigiwa hesabu: MRI ndogo ya mikono na miguu tu.

Mashine hizi si ngeni. Kampuni ya Esaote ya Genoa, Italia, ilitoa Artoscan mwanzoni mwa miaka ya 1990. Mgonjwa huingiza goti, kiwiko au kifundo tu ndani ya mashine. Sumaku yake ni ya kudumu, ya tesla 0.2. Mashine kubwa nyingi ni za tesla 1.5 na hupozwa kwa heliamu; ndogo haihitaji heliamu, na hutosha katika chumba cha zahanati.

Huonyesha kano iliyochanika, gegedu lililolika na baridi yabisi changa, mambo yanayoipita eksirei. Mfupa uliovunjika, mara nyingi eksirei inatosha.

Wateja si haba: majeruhi wa bodaboda, wanasoka, wapagazi wa Mwaloni Kirumba. Tangu daraja la Kigongo-Busisi lifunguliwe Juni 2025, mgonjwa wa Sengerema au Geita hasubiri tena kivuko.

Jirani nchini Uganda, mwaka 2022 Chuo Kikuu cha Mbarara na wataalamu wa Leiden, Uholanzi, waliunda MRI ya sumaku hafifu papo hapo kwa chini ya wiki mbili. Hiyo ni ya utafiti, si bidhaa ya dukani.

Lakini Marekani inatoa onyo. Madaktari wa mifupa waliziweka mashine ndogo ofisini mwao; Januari 2007 serikali ikapunguza malipo ya picha zinazopigwa ofisini. Mapato hushuka, mkopo wa mashine haushuki.

Kwa hiyo, kabla ya kuagiza, mwekezaji aulize mambo manne. Bima italipa kiasi gani? Daktari bingwa gani atasoma picha? Kibali cha TMDA kipo? Kiyoyozi na umeme wa akiba vitagharimu nini, maana joto huyumbisha sumaku?

Kisha apige hesabu ya siku. Mgonjwa mmoja huchukua nusu saa au zaidi. Kwa saa 8, hawazidi 16. Idadi hiyo ikishindwa kulipa mkopo na mishahara, bei nafuu ya mashine haitamwokoa.