Tume ya Uchaguzi, Kutoka Lupaso Hadi Nairobi

Benjamin Mkapa, mzaliwa wa Lupaso wilayani Masasi, ndiye rais wa kwanza wa Tanzania aliyepatikana kwa kura ya vyama vingi. Uchaguzi ule wa Oktoba 1995 uliendeshwa na tume changa, iliyoundwa 1993 na kuongozwa na Jaji Lewis Makame. Dar es Salaam mambo yalikwenda kombo: vifaa vilichelewa vituoni, Tume ikafuta kura za jiji na kuzirudia Novemba.

Mwanzoni mwa 2008 Mkapa alikuwa Nairobi na Kofi Annan na Graça Machel, wakiwapatanisha Wakenya. Zaidi ya watu 1,000 waliuawa baada ya matokeo ya urais, na mwenyekiti wa tume ya huko, Samuel Kivuitu, alikiri kwamba hajui kama Mwai Kibaki alishinda kweli. Kenya iliivunja tume ile. Katiba yake ya 2010 ikafungua mlango wa kupinga matokeo ya urais katika Mahakama ya Juu, na 1 Septemba 2017 majaji wakafuta ushindi wa Uhuru Kenyatta.

Tanzania mlango huo umefungwa. Ibara ya 41(7) ya Katiba yake inasema Tume ikishamtangaza rais, hakuna mahakama ya kuhoji.

Kwa mpiga kura wa Newala, jirani na Masasi, hata hivyo, Tume si majaji walioko Dodoma. Ni karani anayetafuta jina lake daftarini, mawakala wanaokodolea macho hesabu, fomu ya matokeo inayobandikwa nje ya kituo. Juu yao yupo msimamizi wa uchaguzi, ambaye kwa miaka mingi alikuwa mkurugenzi wa halmashauri, mteule wa Rais. Mei 2019 Mahakama Kuu iliukataa utaratibu huo; Oktoba Mahakama ya Rufani ikaurudisha.

Si kwamba wakurugenzi walikibeba chama tawala, CCM, kila mara: mwaka 2015 jimbo la Ndanda lilikwenda kwa CHADEMA na la Tandahimba kwa CUF, vyama vya upinzani. Lakini mwamuzi anayeajiriwa na mmoja wa wachezaji hushukiwa hata anapopuliza filimbi kwa haki.

Sheria ya 2024 iliipa Tume jina la Tume Huru ya Taifa ya Uchaguzi. Novemba 2025 ilimtangaza Samia Suluhu Hassan mshindi wa uchaguzi wa Oktoba kwa karibu asilimia 98, katikati ya ghasia, na waangalizi wa Umoja wa Afrika wakasema uchaguzi haukufikia viwango. Ibara ya 41(7) ilikuwa bado palepale.