Nyumba ya Ndovu Yatima

Ndovu ni mkubwa kuliko nyama wote wa nchi kavu, lakini mtoto wake ni dhaifu sana. Siku azaliwapo huwa na uzito wa kilo 100 hivi, walakini hawezi kuishi pasipo maziwa ya mama yake. Basi mama akiuawa na wezi wa pembe, au akifa kwa ukame, mwana naye yu karibu kufa.

Katika mbuga ya Nairobi, nchini Kenya, iko nyumba ya kuwalea watoto hao. Aliyeianzisha ni Bibi Daphne Sheldrick. Mumewe, Bwana David Sheldrick, alikuwa mlinzi mkuu wa mbuga ya Tsavo Mashariki kwa miaka mingi. Alipofariki mwaka 1977, mkewe alianzisha chama cha kuwahifadhi nyama wa mwitu kwa ukumbusho wake.

Kazi hiyo haikuwa rahisi. Watoto wachanga waliponyweshwa maziwa ya ng'ombe waliharisha, wakafa, kwa sababu matumbo yao hayawezi mafuta yake. Bibi Sheldrick alijaribu mara nyingi, hata akaona ya kuwa maziwa ya unga yenye mafuta ya nazi huwafaa. Mwaka 1974 alimlea mtoto mmoja aliyeitwa Aisha, akanawiri. Lakini Bibi alipokwenda kwenye harusi ya binti yake, Aisha alikataa kula, akafa kwa huzuni. Kwa msiba huo ilijulikana kwamba ndovu mchanga hahitaji maziwa tu, bali na wa kumpenda. Tena haifai ampende mtu mmoja peke yake.

Kwa hiyo walezi wako wengi, nao hupokezana. Kila baada ya saa tatu humpa mtoto chupa ya maziwa, usiku na mchana. Huyu mchanga hupenda kuegemeza mkonga wake juu ya blanketi lililotundikwa, kana kwamba ni ubavu wa mama yake. Usiku mlezi hulala zizini pamoja naye, maana wengi huamka wakilia kwa hofu ya mambo waliyoyaona.

Watu huruhusiwa kuwatazama kwa saa moja tu kila siku, kuanzia saa tano asubuhi, nao sharti waombe nafasi mbele. Hawaruhusiwi kukaa zaidi, kwa kuwa ndovu hawa hawafugwi wawe mchezo wa watu, bali hutayarishwa kurudi mwituni. Mtu akitaka kusaidia, huweza kuwa mlezi wa mbali: hutoa fedha kila mwaka kwa ajili ya yatima mmoja, naye huletewa habari zake. Fedha hizo hununua maziwa na dawa.

Wakiisha kupata nguvu, yatima hupelekwa Tsavo au Kibwezi, ambako hujifunza desturi za mwitu kwa ndovu wenzao, na baada ya miaka hujiendea wenyewe. Zaidi ya ndovu 300 wamelelewa hivyo. Wako waliozaa mwituni, kisha wakarudi pamoja na watoto wao kuwaonyesha walezi wao wa zamani.

Wahenga walisema, Kulea mimba si kazi, kazi kulea mwana. Walezi wa Nairobi wanaijua maana yake kuliko wengi.