Motokari ya mazutu ya zamani: mbele ya kuuliza bei, angalia moshi

Ndugu mutumikaji, na wewe mama wa nyumba,

Mutu akiweka feza kidogo kidogo, siku moja anatamani motokari. Hapa Lubumbashi nyingi zinazouzwa zimekwisha kutumika Japani, zikashuka Dar es Salaam, zikapita Zambia na kuingia kwa Kasumbalesa. Wengi wanachagua ya mazutu, kwa sababu inavuta muzigo na haimalizi mafuta mbio. Sisi wa dispansere hatukatazi. Tunaomba neno moja tu: ujue moshi wake unatoka namna gani na unaenda wapi.

Namna ya kuijaribu

Motere ya mazutu haina buji. Inakandamiza hewa mupaka inakuwa moto sana, kisha mazutu inarushwa ndani na kuwaka yenyewe. Kwa hiyo ugonjwa wake unaonekana asubuhi, motere ikiwa baridi. Ukifika na kuikuta na joto, pengine muuzaji anaficha kitu. Rudi kesho.

Moshi mweusi: mazutu haiungui yote. Pengine filtre ya hewa imejaa mavumbi, ao enjektere zimechoka.

Moshi wa buluu: motere inakula mafuta yake ya kulainisha. Itakula na mushahara wako.

Moshi mweupe usioisha hata motere ikipata joto: pengine maji ya radiatere yanaingia ndani ya motere. Acha kwanza, uite fundi.

Tembea nayo kidogo, madirisha yakiwa yamefungwa. Ukisikia harufu ya moshi ndani, bomba linavuja. Usipakie watoto mbele ya kulitengeneza.

Sababu gani tunasema sana juu ya moshi?

Mwaka wa 2012 wanganga wa shirika la OMS linalochunguza kansa, kule Lyon, Ufaransa, walihakikisha kwamba moshi wa mazutu unaleta kansa ya mapafu. Kati ya kazi walizosoma kulikuwa uchunguzi juu ya watumikaji zaidi ya 12 000 wa migodi ya Marekani. Ndugu, wewe unayetumika karibu na mashini za mazutu, mapafu yako yamekwisha kupokea sehemu yao. Usiwaongezee nyumbani, wala usimupe mutoto sehemu ambayo hakuitumikia.

Basi usiache motere ikinguruma karibu na dirisha la chumba ao la jikoni. Usiiwashe ndani ya garaji iliyofungwa. Usilale ndani ya motokari inayonguruma: kuna hewa ya sumu isiyo na harufu, inaua mutu katika usingizi.

Usivute mazutu kwa kinywa

Baba mumoja alikuja kwetu usiku, anakohoa, kifua kinamuuma. Mchana alitoa mazutu katika tanki kwa mupira, akaivuta kwa kinywa. Nyumbani walimupa mafuta ya mawese ili atapike. Walitaka kumusaidia, lakini mazutu ikitapikwa inaweza kuingia katika mapafu mara ya pili. Alilazwa.

Ikitokea kwenu: musimutapishe, musimupe maziwa wala mawese, mumulete hopitali mara moja, hata kama anakohoa kidogo tu. Kwa kutoa mazutu tumia pompe ya mukono. Wala usiiweke katika chupa ya limonade: mutoto mwenye kiu hawezi kujua.

Tena mawili: usifungue radiatere ikiwa na moto, na usitafute kwa kidole mahali enjektere inavuja. Mazutu ile ina nguvu ya kutoboa ngozi. Tundu ni dogo kama la sindano, lakini mutu anaweza kupoteza mukono.

Motokari ikifa, utapata ingine. Mapafu hayauzwi Kasumbalesa.