NAMBA 33,550,336: JE, NI "KAMILI" AU NI "TIMILIFU"?

Wafasiri wa vitabu vya hisabati hukabiliwa na dhana ambayo Wayunani wa kale waliipa jina lenye maana ya kukamilika. Dhana hiyo yahusu namba nzima iliyo sawa na jumla ya vigawo vyake vyote, isipokuwa namba yenyewe. Mfano mwepesi ni 6: vigawo vyake ni 1, 2 na 3, navyo vikijumlishwa hurudisha 6. Zinazofuata ni 28, 496 na 8,128. Hizo nne zilijulikana tangu enzi za Wayunani. Ya tano ndiyo 33,550,336, nayo imo katika hati ya Kilatini ya karne ya 15.

Hebu tuichambue. Namba hii ni zao la 4,096 na 8,191. Ya kwanza ni 2 kwa kipeo cha 12. Ya pili ni namba tasa, nayo hupatikana kwa kutoa 1 katika 2 kwa kipeo cha 13. Vigawo tunavyovihitaji ni 25, katika mafungu mawili. Fungu la kwanza ni 1, 2, 4 na kuendelea hadi 4,096. Jumla yake ni 8,191. Fungu la pili ni 8,191 ikizidishwa kwa 1, 2, 4 na kuendelea hadi 2,048. Vizidishi hivyo jumla yake ni 4,095. Basi tunayo 8,191 mara moja, na tena mara 4,095, yaani mara 4,096. Hesabu imetimia. Kanuni hii ilithibitishwa na Euclid yapata mwaka 300 K.K.

Je, tuiiteje namba ya namna hii? Baadhi ya wafasiri huenda wakaandika "namba kamili". Lakini istilahi hiyo imekwisha kutumika shuleni kwa namba nzima zote, chanya na hasi, pamoja na sifuri. Tazama hatari yake. Hadi leo wanahisabati hawajui kama iko namba ya aina hii iliyo witiri. Mfasiri akiandika, "Haijulikani kama iko namba kamili iliyo witiri," mwanafunzi atashangaa, maana 3, 5 na 7 anazo mkononi.

"Kamilifu" nayo huelekea zaidi kwenye maana ya kutokuwa na dosari, na namba haina maadili. Sisi tunapendekeza "namba timilifu". Wanasarufi wamekwisha kulizoea neno hilo katika "hali timilifu", na mzizi wake ni ule ule wa mwenye duka asemaye, "Fedha imetimia", pindi sarafu moja moja zinapofikia kiasi kilichotakiwa. Ndivyo hasa vigawo vya 33,550,336 vifanyavyo.

Istilahi njema haimwongezei msomaji fumbo. Humwonyesha njia ya kulifumbua.