Onyo Katika Maandishi ya Kitaalamu

Mkulima wa vijiji vinavyopakana na Kagerankanda, wilayani Kasulu, huweza kukutana na dawa za aina mbili za mahindi. Moja hupakwa mbegu kabla ya kupandwa. Nyingine huchanganywa na nafaka ya ghalani ili kuzuia dumuzi, hasa yule aliyetambuliwa mkoani Tabora mwanzoni mwa miaka ya 1980. Nafaka yenye dawa ya ghala, kipimo na muda vikifuatwa, huliwa. Mbegu iliyopakwa dawa hailiwi kamwe. Tofauti hiyo ya uhai na kifo mara nyingi hutegemea mstari mmoja wa maandishi.

Madhara ya onyo lisiloeleweka yalidhihirika nchini Iraki. Mwaka 1971 zilipelekwa huko mbegu za ngano zilizotiwa dawa ya zebaki. Magunia yalikuwa na maonyo kwa Kiingereza na Kihispania, lugha ambazo wakulima hawakuzijua. Mbegu zilitiwa rangi kuwa ishara ya sumu. Baadhi ya watu walizikosha, na rangi ilipotoka wakadhani sumu nayo imetoka. Watu zaidi ya 6,500 walilazwa hospitalini, na 459 kati yao walifariki.

Je, onyo lifaalo huandikwaje?

(a) Mahali pake. Onyo hutangulia tendo. Maneno “vaa glavu” yakifuata “changanya dawa”, msomaji amekwisha kuishika.

(b) Daraja lake. HATARI hutumika palipo na uwezekano wa kifo au jeraha kubwa. TAHADHARI palipo na dhara dogo. ZINGATIA kwa jambo la kusaidia kazi tu. Vivyo hivyo, utepe mwekundu chini ya kibandiko cha dawa huonyesha sumu kali kabisa, ukifuatiwa na wa njano, wa buluu na wa kijani.

(c) Maudhui yake. Onyo kamili hutaja kitu cha hatari, madhara yake na njia ya kuyaepuka: “HATARI: Mbegu hii ina sumu. Ukiila unaweza kufa. Kuiosha hakuondoi sumu. Ipande tu.”

(d) Uchache wake. Kila mstari ukiwa onyo, jicho huyazoea yote na kulipita lile lenye uzito.

Kabla ya kuchapa, mwandishi hana budi kumpa mtumiaji mmoja maandishi hayo na kumwuliza atafanya nini. Jibu likikosewa, kasoro imo katika maandishi, wala si kwa msomaji.